Kupoza

Bwawa liko nyuma ya milima miwili, hatulioni.
Tunachokiona ni minara,
miguu imefukiwa na theluji hadi magotini,
na mimi na Otari chini yake, na darubini moja,
tukihesabu vikombe vya kioo vinavyoshika waya:
ishirini na nane, na kimoja kimepasuka.
Andika. Mnara wa mia mbili na tisa.

Ukungu ukishuka, Kaukazi hii, waya hunguruma
kwa sauti ya kikaango chenye mafuta.
Ukishika mwavuli, ufito wake unakutekenya.
Kilovolti mia tano. Wanaouliza za nini zote hizo
huwa sijui nianzie wapi.
Safari ndefu ina ushuru: kila kilomita
waya hujipasha moto kwa mali ya mwenye mzigo.
Basi kule bwawani hufanywa hila ya mchuuzi,
msongo unapandishwa, mkondo unapunguzwa,
mzigo uleule, wachukuzi wachache,
na njia inadokoa kidogo.

Chini ya mnara wa mia mbili na kumi na moja
nyumba kumi na tatu, zote giza.
Mzevinari alitoka na sepetu ya theluji mkononi.
"Siku ya nne," alisema, salamu hakuna.
"Nalala chini ya mto, sina tone la kunawa uso.
Huo unaonguruma juu ya paa langu ni wa nani?"

Wa Tbilisi, nilisema. Wa treni za chini ya ardhi,
wa viwanda vya chuma,
wa watu wanaoacha taa za ukumbini zikiwaka mchana.
Sikusema vizuri.

Otari ana subira kunishinda. Aliomba chai.
Mwanamke akachemsha juu ya kuni,
akammiminia kwenye kisahani, mvuke ukaruka.
"Kwa nini hukunipa birika ninywe mdomoni mwake?"
"Ungeungua."
"Ndiyo hivyo."

Ndiyo hivyo. Uji wa moto haupozwi kwa ncha ya ulimi,
na huu wa juu haupozwi kwa fyuzi ya jikoni.
Unapita hapa bila kutua, kilomita sitini,
hadi bondeni, kwenye kituo cha kupoza.
(Neno zuri, kupoza. Ila transfoma zenyewe ni za moto,
paka wa mlinzi hulala akiziegemea Januari yote.)
Pale mia tano inakuwa mia na kumi, kisha kumi,
halafu unarudi, naam, unaupanda mlima uleule
juu ya nguzo za mbao zilizopinda,
hadi debe la kijivu nyuma ya kanisa,
linaloupoza mara ya mwisho na kuugawa
mia mbili na ishirini kwa kila mlango.

Mzevinari alisikiliza yote, sepetu bado mkononi.
"Kwa hiyo ng'ombe ni wangu,
maziwa yanashuka mjini kutiwa maji,
ndipo nirudishiwe kikombe."
Tulikunywa chai.

Debe lile si kazi yetu. Sisi ni watu wa minara;
debe lina kampuni yake, na gari lake
limekwama chini, penye daraja.
Tulikwenda kutazama tu.
Tawi la msonobari, limeelemewa na barafu,
limelala juu ya nyaya. Fyuzi moja imelipuka.
Otari alipiga simu, akangoja kibali saa nzima,
njia ikazimwa, tukaifunga na ardhi,
nikapanda, vidole vimekufa ganzi,
nikatia kiuzi chembamba kuliko kamba ya kiatu.
Kijiji kizima kilikuwa kinaning'inia hapo.

Madirisha yakawaka, sikuyahesabu.
Zizini ng'ombe alishtuka, akalia.
Juu, mkubwa alinguruma vilevile, hana habari.
Mzevinari hakusema asante. Alikuwa anakimbia
kuzima taa ya ukumbini
aliyoiacha wazi tangu Jumapili.

Ripotini niliandika: kikombe kimoja, mia mbili na tisa.
La debe sikuandika.